Yule wa Pichani Mwenye Bunduki

London,
mwezi wa pili, baridi bado haijaondoka

Kwa Tata, baba yangu Mzee Marwa,
Gorong'a, Tarime.

Tata,

Shikamoo. Huenda usiitikie, lakini nimekwisha kukuamkia na siwezi kuirudisha mdomoni. Mwili wangu ni mzima. Kifua kilinisumbua kwa sababu ya baridi ya huku, sasa kimetulia. Je, mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Ng'ombe wamenusurika na homa ya mwaka jana? Chacha aliniandikia kwamba mmehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara na malisho yamekuwa mbali. Nimejaribu kuwaza mji wetu ukiwa umenyooshwa mstari mmoja na miji ya watu wengine, nikashindwa. Kila nikifumba macho naona ua wetu wa zamani wa minyaa, na zizi katikati.

Chacha mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Msomee Tata yote, hata pale nitakapomkasirisha. Akikuambia acha, ngoja anywe uji, kisha endelea ulipoishia. Usirukeruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya na Biblia ya Mama.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Nilipata barua ya Chacha. Amenieleza kwamba picha niliyomtumia Mama ilizunguka kijijini, huyu akamwonyesha yule, mpaka ikafika mezani kwa mwenyekiti. Kwenye picha hiyo nimevaa magwanda ya mabaka, nimeshika bunduki, nimeegemea gari la kijeshi, na kando yangu wapo wazungu wawili waliovaa vivyo hivyo. Na redio kila jioni inatangaza habari za mamluki wanaokodiwa kwenda kuua Waafrika wenzetu huko kusini. Mgambo wenu wako mazoezini kila asubuhi kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Basi mwenyekiti akakuita ofisini, akakuwekea picha mbele yako.

"Mzee, huyu unamjua?"

Chacha anasema uliitazama kwa muda mrefu, ukaigeuza nyuma, ukaitazama tena.

"Simjui."

"Lakini wanao wanasema ni Mwita."

"Mura wa kwangu, mtoto niliyemzaa, hashiki bunduki ya kukodiwa. Mimi nina wana watatu. Andika watatu."

Na kamati ilipokata viwanja vya wana wako, ikakata vitatu.

Tata, barua hiyo niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba ninayopanga. Nikaketi palepale. Mama mwenye nyumba alipita na kapu lake, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana. Nilikosa Kiingereza cha kumwambia kwamba aliyekufa ni mimi.

Nina hasira na wewe. Nakuheshimu, lakini hasira ninayo, na ni wewe uliyetufundisha kwamba mwanamume anayeficha hasira ndiye wa kuogopwa, kwa hiyo naisema. Ungeniuliza kwanza. Hata mwizi wa ng'ombe aliyekamatwa na mkia mkononi huulizwa ametoka wapi. Mimi ni mwanao, na nimehukumiwa na karatasi.

Haya, nimeisema. Sasa sikiliza kazi yangu, maana naona kosa ni langu pia kwamba sikuwahi kuieleza vizuri. Nilipoletwa huku na kanisa kujifunza upigaji chapa, nilimaliza, na nikaajiriwa kupiga chapa maneno ya waandishi. Hilo mnalijua. Msichokijua ni maneno ya nini.

Unakumbuka lile gari la sinema la serikali lililokuja, likatundika shuka jeupe, tukaonyeshwa mambo ya ufugaji bora? Ulimwona fahali yule mwekundu mwenye nundu kama kichuguu. Kesho yake ulikwenda kwa bwana mifugo kuuliza fahali anauzwa wapi, na bwana mifugo akakuambia yuko kwenye shamba la serikali, na kweli alikuwepo. Basi huku kila nyumba ina sanduku lenye kioo linaloitwa televisheni. Ni sinema hiyohiyo, ila ndogo, na ipo sebuleni kila siku kama redio. Tofauti ni hii: wewe uliona sinema mara moja tu, na fahali wake alikuwa wa kweli. Ya huku nyingi ni ya kutungwa. Hakuna fahali. Ukienda kumtafuta utakuta mbao zilizopakwa rangi na mtu mmoja anakunywa chai.

Mpiga litungu akiketi kwenye harusi na kuimba, "Mimi nilivuka mto Mara peke yangu, nikawaua simba, nikarudi na ng'ombe mia," kuna mzee anayesimama kumwambia atoe ngozi za hao simba? Hakuna. Tunampa pombe, tunamwambia endelea. Nilianza kwa kupiga chapa, baadaye wakaniweka kati ya waandishi wenyewe; mimi sasa ni mtu anayemtungia mpiga litungu maneno yake. Litungu lenyewe sishiki.

Mchezo wetu ni wa jasusi. Kila wiki anatumwa nchi nyingine kwa jina la uongo, anaiba siri, anapigwa, anatoroka. Watu wa huku wanampenda mno. Saa yake ikifika barabara zinakuwa tupu. Maneno yake hayatoki kichwani mwake, yanatoka kwenye chumba chetu cha juu, ambamo tuko waandishi wanne, na kochi lililotoboka, na moshi wa sigara mpaka macho yanatoa machozi. Mkuu wetu anaitwa Bwana Leslie, mtu mfupi, mpole akishiba na mkali akiwa na njaa. Tunasoma kwa sauti huku yeye ameshika saa, kuona maneno yanachukua muda gani. Mimi kwa kuwa ni mgeni kwenye kazi hupewa sauti za wanawake. Ungenisikia nikilia kama mke wa balozi ungenikana hata bila picha. Tukikwama kabisa, tukawa hatujui jasusi atokeje kwenye chumba alichofungiwa, Bwana Leslie husema, "Basi, simu ilie." Simu inalia, adui anageuka, jasusi anatoka.

Kila ukurasa ukibadilishwa unapigwa chapa upya kwenye karatasi ya rangi nyingine. Wa kwanza mweupe, kisha bluu, kisha waridi, kisha njano, ili mwigizaji ajue kwamba maneno aliyokariri jana hayapo tena. Wanabadilisha mpaka asubuhi ya kazi. Mwigizaji mkuu akisema, "Neno hili halinikai mdomoni," tunakimbia kupiga chapa lingine. Majina yetu sisi wanne hayaonyeshwi yote. Linaonyeshwa la Bwana Leslie.

Kuna jambo moja nilimwuliza mapema, nikiwa bado sijaizoea kazi. Nilisema, "Huyu jasusi wetu kwao ni wapi? Hata siku moja asimwandikie mama yake?" Wakacheka wote. Bwana Leslie akasema, "Ukimpa mama, watazamaji wataanza kuhofia asije akafa. Jasusi hana kwao." Nikarudi kwenye karatasi zangu, maana ni kazi yao na wanaijua. Lakini kila nikimwandika anaingia hotelini, anavua koti, anakaa kitandani bila mtu wa kumwuliza umekula, namwonea huruma mtu asiyekuwepo. Kisha narudi chumbani kwangu navua koti.

Tata, upweke wa huku sikuwaandikia, kwa sababu nilidhani mtaniona mtoto. Kikurya sina wa kuongea naye. Jumapili nikitoka kanisani natembea kando ya mto nikiwaita ng'ombe wetu kwa majina, kwa sauti, ili ulimi usisahau. Watu wananipisha njia. Mama mwenye nyumba ni mwema, lakini mlango wake huufunga kwa komeo akishasema habari za jioni. Hapa mtu anaweza kuugua chumbani, jirani akasikia kikohozi kupitia ukutani, na akaongeza sauti ya redio. Siku nyingine namaliza kutwa nzima sijaguswa hata mkono.

Sasa ile picha.

Tulikuwa tunatengeneza kipindi ambacho jasusi anaingia kwenye kambi ya mamluki huko Afrika. Afrika yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye machimbo ya mchanga, na miti ya kukodi iliyowekwa kwenye ndoo. Kipindi hicho kilibadilishwa rangi mpaka karatasi zikawa kama duka la vitambaa pale Tarime. Nililetewa habari kwamba waandishi wanatakiwa kule machimboni, kurasa za njano hazijafika, nami nikatumwa kuzipeleka. Nilipofika, kulikuwa na mtafaruku. Mwigizaji mweusi aliyekodiwa kusimama mlangoni pa kambi alikuwa ameugua. Mwongozaji akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akamwuliza msaidizi wake, "Na huyu?"

Wakanivika magwanda ya yule mgonjwa. Yalinitosha. Bunduki ni ya mti, Tata, imepakwa rangi nyeusi na mtutu wake ni bomba la maji. Kazi yangu ilikuwa kusimama, kugeuka nikisikia kishindo, na kupigwa risasi. Sikuwa na neno hata moja la kusema. Mtu yule anakufa mapema kabisa, kabla ya tangazo la sabuni. Nilikufa mara kadhaa mchana ule kwa sababu mwongozaji hakupenda nilivyoanguka. Alisema naanguka kama mtu anayejali nguo zake, na ni kweli, nilikuwa nawaza nguo za mwenzangu.

Utauliza, kwa nini ulikubali, hata kwa mchezo? Kwa nini uvae ngozi ya fisi hata kwa mzaha? Nimelifikiria swali hilo kana kwamba nakusikia ukiniuliza. Jibu langu ni hili, na halina hekima: siku ile nzima watu waliniita kwa jina. "Mwita, njoo huku. Mwita, kunywa chai. Mwita, sogea kidogo." Wale wazungu wawili wa pichani ni waigizaji, mmoja ana duka la viatu, na walikaa nami kwenye mchanga tukala mkate na nyama. Jioni mpiga picha wa studio akasema tusimame pamoja kwenye gari, atupige ya kumbukumbu. Nikasimama. Ukiangalia vizuri utaona nacheka.

Mama alikuwa ananiomba picha kila barua, anataka kuona kama nimekonda. Na hiyo ndiyo picha pekee niliyopigwa tangu nifike nchi hii. Akatokea mwalimu mmoja wa Musoma aliyekuwa anarudi nyumbani, kesho yake anaondoka, nikaitia picha kwenye bahasha nikaandika "Kwa Mama, mimi ni mzima," nikampa. Nilifikiri mtacheka. Nilikuwa nimekaa huku muda mrefu hata nikasahau kwamba kule kwetu hakuna mtu anayejua kuna bunduki za mti.

Baada ya barua ya Chacha nilikwenda kwa Bwana Leslie. Nilimweleza yote. Kwanza alicheka, halafu alipoona uso wangu akaacha, akafunga mlango. Akasema hilo ni jambo dogo, atamwandikia mwenyekiti wa kijiji barua rasmi, yenye muhuri, kwamba Mwita Marwa ni mwandishi na siyo askari wa mtu yeyote. Akamwita Bibi Maureen, mpiga chapa wetu, akamsomea maneno mazuri, ya heshima. Bibi Maureen akapiga chapa, akaniletea nisome.

Juu kabisa ya karatasi, kama ilivyo kwenye karatasi zao zote rasmi, pamechorwa bastola, na nyuma yake jicho la mtu. Ndiyo alama ya mchezo wetu.

Niliishika karatasi hiyo nikamwona mwenyekiti akiipokea. Niliwaona mgambo wakiikodolea macho. Nilikuona wewe, Tata. Nikacheka mpaka Bibi Maureen akaogopa, kisha kicheko kikageuka, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Baba yako hawezi kusoma maelezo yako mwenyewe?"

"Anasomewa."

"Basi mwandikie wewe."

"Nitamwandikia. Lakini ni karatasi iliyoniharibia, sidhani kama karatasi itanitengeneza."

Akanitazama, akasema, "Basi nenda." Akarudi kwenye mashine yake. Yeye baba yake alifia vitani na hakumjua.

Nilirudi kwa Bwana Leslie siku ya pili kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Akashika kichwa. Msimu mpya wa mchezo unaanza majira ya joto, na alikuwa amepanga kunipa vipindi viwili niandike peke yangu, jina langu lionekane kwenye kioo kabla ya la kwake. Hajawahi kumpa mtu kama mimi nafasi hiyo. "Ukiondoka sasa siwezi kukishikilia kiti chako," akasema. "Kuna vijana kumi mlangoni. Ngoja mwaka mmoja. Baba yako hataenda popote."

Nikafikiri usiku huo na siku zilizofuata. Sitakudanganya kwamba halikuniuma. Nimekitafuta kiti hicho kwa kulia sauti za wake za mabalozi. Lakini nilijiona nimekaa mbele ya kioo, jina Mwita Marwa linapita, watu nisiowajua wanalisoma wakiwa na vikombe vya chai mikononi, na nyumbani Mama akilitaja anaambiwa anyamaze. Nikamwambia Bwana Leslie kiti akakipe mwingine. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Naye pia alikuwa na hasira kidogo, na ana haki.

Kwa hiyo, Tata, barua hii siyo ya kukuomba unijibu. Usihangaike kumtafuta mtu wa kuandika. Itakapofika nitakuwa nimekwisha kuondoka hapa. Nitashuka Nairobi, nitapanda basi mpaka Sirari, na kutoka hapo nitatembea. Nyumba yenu mpya siijui. Nitalazimika kuwauliza watu, kwa Mzee Marwa ni wapi, na kijiji chenu kina mgambo kwenye njia, hawatamwacha mtu aliyetoka Ulaya apite hivi hivi na sanduku. Nami sitatoroka wala kujitetea. Nitawaambia wanilete kwako.

Sitaingia ndani ya ua. Mwana asiyehesabiwa na baba yake haingii, hilo hukunifundisha kwa maneno, nililiona kwa wengine. Nitasimama nje, hata kama mvua inanyesha. Wale mgambo watakuuliza mbele ya watu, kama ulivyoulizwa na mwenyekiti. Safari hii hutakuwa unatazama karatasi. Nitazame muda wote unaotaka. Nimekonda, na nywele zimeanza kunitoka mbele kama za babu. Jibu utakalotoa nitalipokea. Ukisema simjui, nitageuka, na sitakulaumu mbele ya mtu yeyote, wala sitakushtaki kwa wazee.

Nisalimie Nyamhanga, kaka yangu mkubwa, na shemeji, mwambie nasikia amejifungua salama na namtakia nguvu. Nisalimie Magige, mdogo wetu wa mwisho. Kama ameingia mgambo, mwambie siku hiyo asiombe zamu ya njiani, nisije nikamtia kwenye mtihani. Msalimie bibi mzaa mama, aliyenilea nilipokuwa na surua. Msalimie mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mume wa dada yetu Bhoke, na Bhoke mwenyewe umwambie ugali wa mtama ndio ninaouota. Chacha, wewe nakusalimu kwa kuniambia ukweli. Ungenificha ningebaki hapa nacheka.

Na Mama. Najua atakuwa amesimama mlangoni anasikiliza haya yote. Akisikia sauti yangu njiani atataka kutoka mbio, namjua. Tata, kwa hili moja nakuomba: mshike mkono, asitoke nje mpaka wewe uwe umejibu.

Ni mimi,
Mwita